Mkanda wa Jeshi: Chanjo si ya Watoto Peke Yao



Tafakari ya juma hili haitaanzia kwenye masomo ya Dominika, bali kwenye barua. Binti mmoja wa parokia yetu, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anafanya kazi ya uuguzi nchini Uingereza, ameniandikia kuhusu mama yake mzazi anayeishi naye huko. Mama huyo ana umri wa miaka 72. Kliniki ya mtaa wao imemwalika akachanjwe bila malipo dhidi ya ugonjwa ambao sisi huku tunauita mkanda wa jeshi, naye amekataa. Sababu alizompa binti yake ni tatu. Kwanza, chanjo ni mambo ya watoto wachanga. Pili, mkanda wa jeshi ni ugonjwa wa wenye UKIMWI, na yeye ni mjane anayejiheshimu. Tatu, amesikia katika kikundi chake cha sala kwamba chanjo zatokana na watoto waliotolewa mimba. Ni hiyo sababu ya tatu iliyomfanya binti amwandikie paroko wa nyumbani badala ya kuzungumza na madaktari anaofanya nao kazi.

Nimekwisha kumjibu, na kwa ruhusa yake nayaandika haya kwa ajili yetu sote, maana sababu hizo tatu hazikuzaliwa Ulaya. Zilisafiri na mama kutoka huku kwetu. Nazisikia nje ya kanisa baada ya Misa, nazisikia katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na pengine nazisikia kutoka kwa watu wenye elimu kunizidi. Msimamo wangu nautamka mapema, ili asiwepo wa kuutafuta katikati ya mistari: mzee aliyepata nafasi ya kuchanjwa dhidi ya mkanda wa jeshi aipokee kwa dhamiri iliyotulia, na mtoto mwenye uwezo wa kumlipia mzazi wake chanjo hiyo asidhani kwamba anatupa fedha.

Karibu kila mmoja wetu aliugua tetekuwanga, wengi tukiwa watoto. Tuliwashwa, tukakatazwa kujikuna, tukazuiwa kwenda shule, kisha tukapona na kusahau. Kumbe kirusi kilichotuletea tetekuwanga hakikuondoka mwilini. Kilijificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu, kandokando ya uti wa mgongo, na huweza kulala humo kwa miaka 40, 50 au 60, kikizuiwa na kinga ya mwili. Umri unaposonga mbele kinga hiyo hulegea, na ndipo kirusi huamka na kusafiri kwa kuufuata mshipa mmoja wa fahamu hadi kwenye ngozi. Hii ndiyo sababu malengelenge hutokea upande mmoja tu wa mwili, yakizunguka kutoka mgongoni kuelekea kifuani au tumboni. Aliyeyaeleza haya kwa ushahidi wa kuaminika hakuwa bingwa wa chuo kikuu, bali daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, Robert Edgar Hope-Simpson, ambaye aliwafuatilia wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka 16 na kuyachapisha aliyoyaona mwaka 1965.

Jina letu la mkanda wa jeshi ni zuri kwa ajili ya kukumbuka, na hatuko peke yetu katika kuufananisha ugonjwa huu na mkanda. Wagiriki waliuita zoster, maana yake mshipi. Jina lake la Kiingereza nalo limetokana na neno la Kilatini cingulum, ambalo ndilo jina la mshipi tunaojifunga sisi mapadre juu ya alba kabla ya kuadhimisha Misa. Nakiri kwamba tangu nilipolijua hilo, nikijifunga mshipi sakristiani huwakumbuka wagonjwa wa ugonjwa huu.

Na wana haki ya kukumbukwa. Wasioujua mkanda wa jeshi hudhani kwamba ni upele. Waliougua husema ni moto. Mara nyingi maumivu hutangulia siku kadhaa kabla ya lengelenge la kwanza, hata mgonjwa akadhani ana kichomi, au moyo, au figo. Kisha hutokea wekundu, malengelenge, na vidonda vinavyochukua wiki mbili hadi nne kukauka. Kwa walio wengi mambo huishia hapo. Lakini kwa baadhi yao, na hasa kwa wazee, ngozi hupona na maumivu hubaki. Mishipa ya fahamu imejeruhiwa, nayo huendelea kupiga kelele ya hatari hata baada ya hatari kupita. Madaktari wa Marekani wanakadiria kwamba mtu mmoja kati ya watatu nchini mwao ataugua mkanda wa jeshi katika maisha yake, na kwamba kati ya wagonjwa 100, kama 10 hadi 18 watabaki na maumivu hayo ya muda mrefu. Kwa wengine ni miezi. Kwa wengine ni miaka. Shuka ikimgusa, anaumia. Upepo ukimpiga, anaumia. Panadoli haimsaidii. Halali, na asiyelala hali vizuri, na mzee asiyelala wala kula hachukui muda mrefu kuwa mtu wa kitandani.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumpelekea Komunyo mzee mmoja ambaye kwa miezi miwili hakuonekana kanisani, ingawa tangu nihamie hapa sikuwahi kuliona benchi lake bila yeye. Nyumbani waliniambia ana malaria. Nilimkuta katika chumba cha uani, kifua wazi katika baridi ya mwezi wa saba, kwa kuwa hakuweza kustahimili shati. Kovu la mkanda lilikuwa limekwisha kukauka upande wa kulia wa kifua. Kikombe chake, sahani yake na kijiko chake vilikuwa juu ya kigoda mlangoni, vimetengwa na vya wengine. Hakuwa amepelekwa hospitali, kwa sababu kumpeleka kungekuwa ni kuitangaza habari mtaani. Naye aliniuliza kwa sauti ya chini, akiwa ameangalia ukuta, ikiwa naamini kwamba hakuwahi kutoka nje ya ndoa yake. Mzee wa miaka 76, aliyekuwa akiteseka hivyo, alichokitaka kwanza kwa padre wake kilikuwa cheti cha uaminifu.

Ndugu zangu, aibu hiyo ina historia, na tusipoieleza hatutaiondoa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, waganga wa nchi zetu waliona kwamba kijana mwenye afya akipatwa na mkanda wa jeshi, mara nyingi VVU vimekwisha kuishusha kinga yake. Waliona sawasawa. Hata leo kijana anayepatwa na mkanda wa jeshi hushauriwa kupima, na ni ushauri mwema. Lakini watu walilichukua neno la waganga wakaligeuza kuwa hukumu ya mtaa: mkanda wa jeshi basi ni UKIMWI, na UKIMWI basi ni uasherati. Yote mawili si kweli. Mkanda wa jeshi hutokea kinga inapolegea, na jambo linalolegeza kinga kwa watu wengi zaidi duniani ni uzee wenyewe. Ni ugonjwa wa bibi na babu kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Hapa naomba nieleweke vema. Simtetei mzee kwa kumtenga mwenye VVU. Kama mzee yule angekuwa na VVU, kikombe chake kisingestahili kutengwa, wala chumba chake kisingestahili kuwa uani. Ninalosema ni kwamba familia iliyomficha baba ili kuilinda heshima yake ilimnyima matibabu, na heshima ya namna hiyo haifai. Kuhusu vyombo, ukweli ni rahisi: mkanda wa jeshi hauambukizwi kwa kikombe wala kijiko. Maji ya malengelenge yaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, kwa hiyo vidonda vifunikwe, na mama mjamzito asiyewahi kuugua tetekuwanga pamoja na watoto wachanga wasiviguse. Vikishakauka, hata tahadhari hiyo haihitajiki. Wapo pia wanaoamini kwamba mkanda ukizunguka na kukutana, mgonjwa hufa. Wasiwatishe wazee kwa maneno hayo. Mkanda hufuata mshipa wa fahamu wa upande mmoja, na kwa kawaida hauvuki mstari wa katikati.

Sasa chanjo. Ile hoja ya kwamba chanjo ni za watoto sitakaa nayo sana. Mtoto huchanjwa kwa sababu kinga yake bado haijajifunza. Mzee huchanjwa kwa sababu kinga yake imeanza kusahau. Sioni ugumu hapo.

Chanjo ya kwanza ya mkanda wa jeshi, iliyoitwa Zostavax, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2006 kwa watu wa miaka 60 na kuendelea. Ilikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowahusisha watu 38,546, ilipunguza ugonjwa kwa nusu na maumivu ya muda mrefu kwa theluthi mbili. Ilikuwa msaada, lakini nguvu yake ilififia haraka, na kwa wazee sana ilikuwa dhaifu. Mwaka 2017 ikaja nyingine, Shingrix, ambayo haina kirusi hai bali protini moja tu ya kirusi hicho, hivyo haiwezi kabisa kumletea mtu mkanda wa jeshi. Hudungwa mara mbili, dozi ya pili ikifuata baada ya miezi miwili hadi sita. Katika majaribio makubwa, iliwakinga watu wa miaka 50 na zaidi kwa kiwango cha asilimia 97, na wale wa miaka 70 na zaidi kwa asilimia 90 hivi. Wenye macho ya kitabibu wataniambia kwamba ni nadra chanjo yoyote kufanya kazi vizuri hivyo kwa mtu wa miaka 70, na kweli ni nadra. Marekani inaipendekeza kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na tangu mwaka 2021 pia kwa watu wazima wenye kinga dhaifu kuanzia miaka 19, wakiwemo wanaoishi na VVU.

Ndani ya Shingrix kuna kichocheo cha kinga ambacho sehemu yake hutoka katika gome la mti unaoota Chile, uitwao quillay. Nalitaja kwa sababu kichocheo cha jamii hiyohiyo kimo katika chanjo ya kwanza ya malaria, ile iliyojaribiwa kwa watoto wetu wa Bagamoyo na Korogwe, na ambayo mwaka 2019 ilianza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya. Gome la mti mmoja linamsaidia mjukuu dhidi ya malaria na bibi yake dhidi ya mkanda wa jeshi. Mwenyezi Mungu huweka dawa mahali ambapo hatukupanga kutazama. Yoshua bin Sira alikwisha kuyaandika ya namna hiyo katika sura ya 38 ya kitabu chake, anapomheshimu tabibu na dawa zitokazo ardhini. Nawashauri walio na Biblia yenye vitabu vyote waisome jioni ya leo.

Tufike kwenye swali la dhamiri, ambalo ndilo nililoulizwa hasa. Wanaouliza kama chanjo ina uhusiano na utoaji mimba wasichekwe. Wanauliza swali la Kikatoliki, na jibu lake si moja kwa chanjo zote.

Ukweli ni huu. Zostavax ilikuzwa katika seli zilizotokana na mtoto aliyetolewa mimba nchini Uingereza mwaka 1966. Ndani ya sindano hapakuwa na viungo vya mtoto, kama inavyosemwa. Seli zile zilikuwa zimezaliana maabara kwa miongo mingi. Hata hivyo chanzo chake ni kile, na kitendo kile kilikuwa dhambi na kitabaki kuwa dhambi. Taasisi ya Kipapa ya Maisha ililichambua suala la chanjo za namna hii mwaka 2005, ikarejea tena mwaka 2017. Katikati yake, mwaka 2008, liligusiwa katika hati ya Vatikano iitwayo Dignitas Personae. Na tarehe 21 Desemba 2020 ile idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa tamko kuhusu chanjo za UVIKO-19. Kwa ufupi, Kanisa limefundisha kwamba pale ambapo hakuna chanjo nyingine na hatari ya ugonjwa ni kubwa, muumini anaweza kuitumia bila kuwa mshiriki wa dhambi ile, kwa kuwa yuko mbali nayo na haitaki. Ila pale ambapo ipo chanjo isiyo na doa hilo, tuitafute, na tuwadai watengenezaji waitengeneze.

Basi kwa mkanda wa jeshi, kile tulichokidai kimepatikana. Shingrix haikuzwi katika seli za mtoto aliyetolewa mimba. Protini yake hutengenezwa katika seli za hamsta wa Kichina, mnyama mdogo wa jamii ya panya, na ukoo wa seli hizo ulianzishwa mwaka 1957. Zostavax yenyewe iliacha kuuzwa Marekani mwaka 2020, na Uingereza iliuhamishia mpango wake kwenye Shingrix mwaka 2023. Kwa maneno mengine, yule mama wa London anaikataa kwa ajili ya dhamiri chanjo ambayo dhamiri haina kesi nayo. Nilihuzunika kidogo nilipokuwa namwandikia hayo binti yake, kwani ni jambo lililopaswa kusemwa mapema na kwa sauti kubwa katika vikundi vyetu vya sala, ambako habari mbaya hufika ikiwa na mabawa na masahihisho yake hufika yakiwa yamepanda punda. Tulizisikia tetesi nyingi mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa nchini. Nyingi kati yake hazijatubiwa hadi leo.

Simaanishi kwamba anayeikataa chanjo anatenda dhambi. Tamko lile la mwaka 2020 lenyewe lilisema kwamba kuchanjwa kwa kawaida si wajibu wa kimaadili na kunapaswa kuwa kwa hiari. Mama ni mtu mzima, mwili ni wake, na binti asimburute. Ila hiari ya kweli huhitaji habari za kweli.

Habari za kweli ni pamoja na usumbufu. Shingrix si chanjo ya upole. Mkono huuma, wengi hupata homa, uchovu na maumivu ya misuli, na kama mtu mmoja kati ya sita hushindwa kufanya shughuli zake za kawaida kwa siku mbili au tatu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza mwaka 2021 tahadhari kuhusu ugonjwa wa kupooza uitwao Guillain-Barré, ambao hutokea kwa watu wachache mno, wanaohesabika kwa vidole katika kila dozi milioni moja. Mzee aambiwe hayo kabla, ili asubuhi ya pili asiamke na homa akadhani amedanganywa, akaikimbia dozi ya pili. Dozi moja haitoshi.

Kuna habari nyingine ambayo imewafurahisha wengi, nami naitaja kwa tahadhari. Huko Wales, chanjo ilipoanza mwaka 2013, mpaka uliwekwa kwa tarehe ya kuzaliwa: waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baadaye waliruhusiwa, na waliozaliwa hata siku moja kabla hawakuruhusiwa kamwe. Watafiti wakaona kwamba hapo pana jaribio ambalo hakuna aliyelipanga, kwani watu waliotofautiana kwa wiki chache tu za umri hawatofautiani kwa lolote jingine. Waliwafuatilia kwa miaka saba kwa kutumia kumbukumbu za afya za wazee zaidi ya 280,000, na mwaka 2025 wakachapisha katika jarida la Nature kwamba waliochanjwa walipatwa na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni kwa kiwango cha chini kwa takriban sehemu moja kwa tano. Chanjo yenyewe ilikuwa ile ya zamani, Zostavax. Bado haijajulikana vema ni kwa njia gani, kwa hiyo asichanjwe mtu kwa sababu hiyo peke yake. Lakini wale kati yenu mnaomtunza mzazi asiyewatambua tena mtaelewa kwa nini niliisoma habari hiyo mara mbili.

Turudi nyumbani. Chanjo ya mkanda wa jeshi haimo katika ratiba ya chanjo za Serikali nchini Tanzania, na kwa anayeinunua mwenyewe ni ghali. Sitasimama hapa kuidai Serikali iitoe leo. Wizara inayopigana na surua, polio na malaria, na ambayo tangu mwaka 2018 inawachanja wasichana wetu nchini kote dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ina haki ya kuanza na watoto. Bibi zetu wenyewe wangesema hivyo. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha kutambua kwamba mzee, yaani mtu wa miaka 60 na kuendelea, ana mahitaji yake, na hospitalini tumeona dirisha la wazee. Siku moja mjadala wa chanjo za wazee utafika pia, na ningependa Wakatoliki waukute wakiwa wamekwisha kujifunza.

Wakati tukisubiri, nawageukia ninyi mlio na uwezo, na hasa mlio ng'ambo. Mnapowachukua wazazi kuja kukaa nanyi Marekani au Uingereza, waulizieni chanjo hii mapema. Huko Uingereza hutolewa bure kwa wanaotimiza miaka 65 na kwa wenye miaka 70 hadi 79, na huko Marekani wazee walio katika bima ya dawa ya Medicare hawailipii chochote tangu Januari 2023. Mzazi aliyekuja kutembea kwa miezi mitatu hayumo katika mipango hiyo, kwa hiyo itawabidi mlipe, na hapo ndipo nataka kusema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda.

Nimezika wazee wengi katika parokia hii. Nimeona majeneza yaliyogharimu kuliko matibabu ya mwaka mzima ya marehemu. Nimeona maturubai, sare za vitenge, wapiga picha za video, mabasi ya kukodi, na miezi sita baadaye kaburi la vigae lenye paa, katika boma ambalo nyumba ya bibi aliyebaki inavuja. Fedha hizo hupatikana kwa siku tatu, kwa simu tu. Lakini mtu akiomba mchango ili mama mwenye miaka 70, aliye mzima, akachanjwe asije akaungua kwa maumivu, ataulizwa kwani anaumwa nini. Hatuna mazoea ya kumlipia mzazi kwa ajili ya maumivu ambayo hayajafika. Amri ya kuwaheshimu baba na mama hatukupewa kwa ajili ya siku ya maziko. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alipoianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya mwezi wa Julai, hakukusudia tuwavishe wazee maua na kupiga nao picha, kisha tuwarudishe chumba cha uani.

Kwa wale ambao chanjo haitawafikia, nao ni wengi wetu, kuna jambo moja linaloweza kufanyika kila mahali, nalo ni kuwahi. Dawa za kupunguza nguvu za kirusi, kama vile asiklovia, husaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yaanze. Majivu, tope na mafuta ya kuchua havisaidii, na vyaweza kukichafua kidonda. Maumivu yanayobaki baada ya ngozi kupona nayo yana dawa zake, tofauti na zile za kawaida za maumivu, na daktari anazijua. Mzee asiambiwe avumilie tu. Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, msingoje mapambazuko, kwa maana jicho laweza kupotea.

Wahudumu wa Komunyo na akina mama wa WAWATA watakaowatembelea wagonjwa kabla ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao watapewa maelekezo haya Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbini, na mganga wa zahanati yetu atakuwepo kuyajibu maswali ambayo mimi siyawezi. Orodha ya wagonjwa wa majumbani ifike ofisini kabla ya Alhamisi. Wenye maumivu ya kifua au mgongo ambao wameacha kuvaa shati nao waandikwe, hata kama familia imesema ni malaria.